Kioo Kisichopata Joto: Fundi Alipwe kwa Kupima

Alfajiri ya mwezi wa Juni au Julai katika bonde la Kilombero ina desturi yake. Masika yamekwisha, anga limekuwa jeupe usiku kucha, na ardhi ambayo bado imeshiba maji ya mto na ya majaruba ya mpunga huendelea kutoa mvuke. Ifikapo saa kumi na moja majani yameloa, mabati ya nyumba yanadondosha maji, na gari lililolala nje huko Idete limevikwa umande kuanzia boneti hadi buti. Dereva anayetaka kuwahi Ifakara hufuta kioo cha mbele kwa kitambaa, huwasha injini na kuondoka. Vioo vya pembeni, ambavyo madereva wengi huviita saiti mira, huachwa vikauke vyenyewe njiani.

Aghalabu haviwahi kukauka. Hewa ya saa ile imeshiba mvuke, na upepo wa mwendo hauna uwezo mkubwa wa kunyonya maji yaliyo juu ya kioo. Hivyo dereva husafiri kilometa kadhaa bila kumwona anayetaka kumpita upande wa kulia, na bila kumwona mwendesha baiskeli aliye ukingoni upande wa kushoto na gunia lake la mpunga au la mkaa. Saa hiyo hiyo ndiyo watoto wanapoanza safari ya shule. Si jambo dogo, basi, kwamba kioo cha pembeni kionyeshe kilicho nyuma.

Ajabu ni kwamba mengi ya magari hayo yana dawa ya tatizo hili ndani yake. Tanzania hununua magari mengi yaliyokwisha kutumika Japan, nchi ambayo, kama Tanzania, huendesha upande wa kushoto wa barabara. Kule Japan, na hasa katika kisiwa cha kaskazini cha Hokkaido ambako theluji huanguka kwa wingi, magari mengi hutengenezwa yakiwa na vioo vya pembeni vinavyopashwa joto kwa umeme. Gari likiisha kuvuka bahari, kifaa hicho huja nacho. Mwenye gari huenda asijue kuwa anacho. Akijua, huenda akakuta kimekwisha kufa, na akimpelekea fundi, mara nyingi jibu atakalopewa ni moja: "Nunua kioo kingine."

Jibu hilo mara nyingine ni sahihi, lakini likitolewa kabla ya kupima ni la kubahatisha. Na lawama ya kubahatisha huko haimwangukii fundi peke yake. Inamwangukia pia mteja, ambaye yuko tayari kulipia kifaa kipya lakini hataki kulipia maarifa yanayoonyesha kuwa kifaa kipya hakihitajiki.

Kabla ya kulitazama jambo hilo, hapana budi kueleza kwanza kioo hiki hufanyaje kazi. Hewa ya nyuzi 20 za Selsiasi iliyoshiba mvuke hubeba takriban gramu 17 za maji katika kila meta moja ya ujazo. Ikiwa na nyuzi 25 huweza kubeba gramu 23. Hewa ikipoa hadi kufikia mahali ambapo haiwezi tena kubeba mvuke ilio nao, maji ya ziada hujitenga na kushika juu ya kitu kilicho baridi. Kiasi hicho cha joto ndicho kiwango cha umande. Usiku usio na mawingu kioo hutoa joto lake kuelekea angani na kupoa kuliko hewa inayokizunguka. Ndiyo sababu gari lililoegeshwa chini ya mwembe hupata umande kidogo kuliko lile lililo wazini.

Ili kioo kibaki kikavu, yatosha kukipandisha nyuzi chache juu ya kiwango cha umande. Kwa ajili hiyo nyuma ya kioo hugandishwa utando mwembamba wenye njia ya umeme iliyojikunja kama nyoka. Umeme ukipita humo hukutana na ukinzani, na ukinzani hugeuza umeme kuwa joto. Uhusiano wa volti, mkondo na ukinzani ulielezwa na Mjerumani Georg Simon Ohm mwaka 1827; kiasi cha joto linalozaliwa kilielezwa na Mwingereza James Prescott Joule mwaka 1841. Mwanafunzi wa sekondari hukutana na kanuni zote mbili darasani. Mathalani, utando wenye ukinzani wa omu 8 ukipewa volti 12 hupitisha mkondo wa ampea 1.5 na kutoa joto la wati 18. Joto hilo si la kuunguza mkono. Mtu akigusa kioo husikia uvuguvugu tu, na huo watosha.

Mtu anayeielewa safari hii ya umeme anaweza kuutafuta ugonjwa wa kioo kwa utaratibu, kwa kuwa umeme hutoka katika betri, hupita kwenye fyuzi, rilei na swichi, huingia mlangoni kwa nyaya zinazojikunja kila mlango unapofunguliwa, hufika kwenye utando, kisha hurudi kwa waya wa bodi, yaani ethi. Ugonjwa uko mahali fulani katika njia hiyo, na kazi ya fundi ni kuipunguza njia nusu kwa nusu hadi mahali hapo paonekane.

Hatua ya kwanza haihitaji chombo chochote. Injini iwashwe, kwani katika magari mengi sehemu hii haipati umeme injini ikiwa imezimwa. Kisha ibonyezwe swichi yenye alama ya kioo na mishale iliyopinda kama moshi. Mara nyingi ndiyo hiyo hiyo inayopasha joto kioo cha nyuma. Ikumbukwe kuwa magari mengi yana saa ndani yake inayozima umeme huo baada ya dakika chache ili kulinda betri, na dereva asiyejua hilo huweza kulitangazia kifo gari lililo zima. Baada ya dakika mbili au tatu, mtu apulize pumzi ya mdomo juu ya vioo vyote viwili. Ukungu wa pumzi hutoweka upesi kwenye kioo chenye joto na hukawia kwenye kilicho baridi.

Jaribio hilo la pumzi tayari limesema mengi. Ikiwa vioo vyote viwili na kioo cha nyuma havina joto, ugonjwa uko katika njia yao ya pamoja: fyuzi, rilei au swichi. Ikiwa kioo cha nyuma kinafanya kazi lakini vile vya pembeni vyote viwili havifanyi, itafutwe fyuzi ya vioo peke yake. Katika magari mengi ya Toyota huandikwa MIR HTR kwenye kifuniko cha kisanduku cha fyuzi. Ikiwa kimoja kina joto na kingine hakina, fyuzi na swichi ni nzima, na ugonjwa uko katika mlango ule mmoja. Fundi anayebadilisha fyuzi katika hali hii ya tatu amekwisha kuonyesha kuwa hakufikiri.

Fyuzi iliyokatika huwekewa nyingine ya kiasi kile kile, na hapa pana jambo la kukemewa waziwazi. Wako watu ambao, fyuzi ya ampea 10 ikikatika mara mbili, huweka ya 20, au huiviringishia karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Joto la waya hukua kwa kipeo cha pili cha mkondo. Mkondo ukiwa mara mbili, joto huwa mara nne. Hivyo fyuzi ya 20 huruhusu waya uleule mwembamba upate joto mara nne ya kile ulichokusudiwa kuvumilia, na karatasi ya fedha haina mpaka kabisa. Fyuzi inayokatika tena na tena inasema kuwa mahali fulani waya umegusa bodi au utando umejigusa wenyewe. Kuinyamazisha ni kuacha moto ujitayarishe ndani ya mlango.

Hatua ya pili huhitaji mita ndogo ya umeme, ile ambayo mafundi wengi huiita testa. Kioo hutolewa taratibu kutoka katika vishikizo vyake, mikono ikiwa imevikwa glavu, na nyuma yake huonekana ncha mbili za chuma zilizochomekwa nyaya. Nyaya zikichomolewa, mita ikiwekwa kwenye omu hueleza hali ya utando. Omu chache ni dalili ya uzima. Mita ikionyesha kuwa hakuna njia kabisa, utando umekatika. Ikionyesha karibu na sifuri, utando umejigusa, nao ndio unaokata fyuzi. Inafaa kujua kuwa utando wa aina fulani huongeza ukinzani kadiri unavyopata joto, hivyo upimwe ukiwa baridi na ulinganishwe na ule wa upande wa pili wa gari hilo hilo. Kioo kizima ndicho kipimo bora cha kioo kigonjwa.

Utando ukiwa mzima, swichi huwashwa na volti hupimwa kwenye nyaya zile mbili. Ikikosekana kabisa, macho yaelekee kwenye mpira ulio kati ya mlango na mwili wa gari. Humo nyaya hukunjwa maelfu ya mara, na shaba yake hukatika ndani ya ganda lililo zima, hata mtu akitazama haoni kitu.

Lakini pana mtego, nao huwanasa hata mafundi wazoefu. Mita yaweza kuonyesha volti 12 kamili na kioo kikabaki baridi. Sababu ni kuwa mita hutumia mkondo mdogo mno, na mkondo mdogo hupita hata katika kiungo kilichooza. Katika bonde la Kilombero, ambako vumbi la kiangazi hufuatwa na matope na maji ya masika, shaba ya viungo hupata kutu ya kijani. Ichukuliwe kuwa kutu hiyo imeongeza omu 8 katika njia ya utando wetu wa mfano. Ukinzani wote sasa ni omu 16, mkondo umeshuka kutoka ampea 1.5 hadi 0.75, na joto la kioo limeshuka kutoka wati 18 hadi wati 4.5, yaani robo. Wati nyingine 4.5 zinachemka ndani ya kiungo chenyewe, mahali pasipotakiwa joto. Dawa ni kupima volti huku utando ukiwa umeunganishwa na unafanya kazi, au kutumia taa ndogo ya gari badala ya mita. Taa haidanganyiki kirahisi, kwa sababu huudai mkondo wa kweli.

Hatimaye pana sababu ambayo wahandisi wa Japan hawakuiwazia. Vioo vya pembeni huibwa, hasa mijini, hata wenye magari wakalazimika kuchora namba za gari juu yake. Kilichoibwa au kuvunjika hubadilishwa kwa kioo cha kawaida kilichokatwa kwa kipimo, kisicho na utando wowote. Nyaya mbili huachwa zikining'inia nyuma yake. Gari la namna hiyo haliwezi kupasha kioo joto hata likibadilishiwa rilei kumi. Na nyaya zile, zikigusana siku ya mashimo, hukata fyuzi na huenda zikazima kioo cha nyuma pia. Zinapaswa kufungwa kwa utepe wa umeme, kila moja peke yake.

Sasa yazingatiwe malipo. Fundi wa kwanza hubahatisha, humwagiza mteja kununua kioo kizima pamoja na ganda lake, hukifunga, na hulipwa ujira wake bila ubishi, kwa kuwa mteja ameona kitu kipya. Fundi wa pili hutumia saa nzima na mita yake, hugundua kiungo chenye kutu, hukisugua, hukipaka grisi, na kazi imekwisha. Hakuna kitu kipya cha kuonyesha. Mteja huuliza, "Kwani umefanya nini?" na kumpa fedha ya soda. Katika mapatano ya namna hii fundi hodari huadhibiwa kwa uhodari wake. Akiwa na watoto wa kulisha, baada ya mwaka mmoja naye ataacha kupima.

Kadhalika hasara ya mteja haiishi kwenye kioo. Mazoea hayo hayo ya kubadilisha bila kupima huhamia kwenye altaneta, kwenye pampu ya maji ya umwagiliaji, kwenye mashine ya kukoboa mpunga na kwenye betri ya umeme wa jua. Kila kimoja kina njia yake ya umeme, na kila kimoja hupatwa na kutu na nyaya zilizokatika. Kijiji kinachobahatisha hununua vipuri ambavyo hakikuvihitaji, na fedha hiyo huondoka bondeni isirudi.

Haifai kudhani kuwa kupima ni jambo geni kwa Idete. Jina la kijiji hiki limo katika maandishi ya tiba ya ulimwengu kwa sababu ya kupima. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 chanjo ya malaria iitwayo SPf66, iliyobuniwa na Manuel Patarroyo wa Colombia, ilijaribiwa hapo kwa watoto wa umri wa mwaka mmoja hadi mitano. Matokeo yalichapishwa mwaka 1994 katika jarida la The Lancet, nayo yalionyesha kinga ya asilimia 31. Majaribio yaliyofanywa baadaye Gambia na Thailand hayakuthibitisha kinga hiyo, na chanjo ikaachwa. Wako wanaoweza kuona hadithi hiyo kuwa ya kushindwa. Kwa kweli ni hadithi ya heshima: watu walikuwa na tumaini kubwa, wakalipima, wakapima tena mahali pengine, wakakubali lililoonekana.

Zahanati zilifuata njia hiyo hiyo. Kwa miaka mingi homa ya mtoto ilipewa dawa ya malaria bila kupimwa damu, kwa kuwa malaria ndiyo iliyodhaniwa kwanza. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilielekeza kuwa kila anayeshukiwa apimwe kwanza, kwa hadubini au kwa kipimo cha haraka. Leo mama wa Idete akimpeleka mtoto zahanati hutarajia kidole kitobolewe kabla ya dawa kutolewa. Ameelewa kuwa homa si jina la ugonjwa mmoja. Mama huyo huyo akipeleka gari au mashine kwa fundi, ana haki ya kutarajia vivyo hivyo.

Itasemwa kuwa kioo chenye joto ni anasa, na kwamba kitambaa kinatosha. Hoja hiyo ina ukweli wake. Kwa mwenye gari kuukuu ambalo utando wake umekatika kabisa, bei ya kioo kingine huenda isilingane na faida. Na afute vioo vyake vyote vitatu kabla ya kuondoka, asimame na kuvifuta tena mvua ikizidi. Uamuzi huo ni halali, lakini ni halali kwa sababu umetanguliwa na kipimo: mwenye gari anajua kilichokufa, anajua bei yake, na nyaya zake zimefungwa salama. Kuacha kwa kujua ni tofauti na kuacha kwa kutojua. Na pale ambapo ugonjwa ni fyuzi au kutu, kuacha hakuna utetezi wowote.

Itasemwa pia kuwa mafundi wengi walijifunza ufundi chini ya mwembe, wakimtazama fundi mkubwa, na kwamba omu na ampea ni mambo ya darasani. Lakini huko chini ya mwembe kuna akili nyingi kuliko inavyodhaniwa. Kijana anayeweza kuisikiliza injini na kutambua silinda isiyochoma hawezi kushindwa na kugawanya 12 kwa 8. Kilichokosekana ni mtu wa kukaa naye siku mbili na mita mkononi, na mteja wa kumlipa atakapoitumia.

Kwa hiyo mambo matatu yanastahili kufanywa. Kwanza, mteja na fundi wapatane tangu mwanzo juu ya ujira wa kupima, utakaolipwa hata kama ugonjwa utakuwa waya mmoja tu, na fundi aandike vipimo alivyoviona: volti ngapi, omu ngapi, upande upi. Karatasi hiyo itamlinda mteja dhidi ya kubahatisha, na itamlinda fundi dhidi ya swali la "umefanya nini". Pili, shule za sekondari za bondeni zitoe somo la umeme kwenye gari lililo uani, pamoja na lile la ubaoni. Kioo cha pembeni kilichovunjika, betri moja na mita moja vyatosha kumwonyesha mwanafunzi kanuni za Ohm na za Joule kwa mikono yake mwenyewe. Tatu, vyuo vya ufundi stadi viwafuate mafundi waliokwisha kuanza kazi, kwa mafunzo mafupi wakati wa kiangazi, badala ya kungoja wao wafunge karakana na kwenda chuoni.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalongoja mtambo mkubwa wala msaada wa kutoka mbali. Mita ndogo ya umeme ina bei ndogo kuliko kioo kimoja kilichobadilishwa bila sababu. Umande wa Juni utarudi kila mwaka, na mwendesha baiskeli mwenye gunia atakuwa ukingoni upande wa kushoto saa kumi na mbili kasorobo. Usalama wake unategemea kama dereva aliye mbele yake anaona, na kuona huko mara nyingine kumezuiliwa na kutu isiyozidi punje ya mchele, ambayo fundi angeigundua kwa saa moja kama angelipwa kuitafuta.